Chembe nano za fedha ndani ya PEDOT:PSS: Jsc inapanda, FF inaporomoka. Tatizo liko wapi?

Kaboni60

Wakuu, habari za kazi.

Naomba msaada wa wanaozijua seli za sola za oganiki kwa vitendo. Muundo wangu ni ule wa kawaida: kioo cha ITO (elektrodi angavu), PEDOT:PSS (polima inayopitisha chaji chanya), mchanganyiko wa P3HT na PCBM (polima inayofyonza mwanga na molekuli inayopokea elektroni), kisha LiF (floridi ya lithiamu) na alumini juu. Nataka kupandisha ufanisi kwa kutia chembe nano za fedha ndani ya PEDOT:PSS, plazmoni (mitikisiko ya elektroni za metali inayochochewa na mwanga) ziisaidie P3HT kunasa mwanga zaidi.

Koloidi (chembe zikiwa zimeelea ndani ya maji) naitengeneza hivi: nitreti ya fedha 1 mM, mililita 10, naidondosha tone kwa tone kwenye mililita 30 za sodiamu borohaidraidi 2 mM iliyo kwenye barafu. Inatoka njano safi, kilele cha ufyonzaji kiko karibu na nm 400. Naitumia siku hiyo hiyo, siisafishi.

PEDOT:PSS ni ya aina ya AI 4083. Naichuja kwa chujio la sirinji la 0.45 µm, naongeza koloidi asilimia 5, 10 au 20 ya ujazo, nazungusha mizunguko 5000 kwa dakika kwa sekunde 40, naoka 140°C dakika 10. Tabaka tendaji ni P3HT mg 20 na PCBM mg 16 kwa mililita ya klorobenzini, limekorogwa usiku kucha 50°C, mizunguko 1000. Juu yake LiF nm 0.8, alumini nm 100, halafu naoka tena 140°C dakika 10 ndani ya naitrojeni.

Wastani wa vipimo (Jsc ni mkondo wa seli ikiwa kwenye shoti, Voc ni volteji yake saketi ikiwa wazi, FF ni sehemu ya zao la hivyo viwili inayopatikana kama nguvu):

Bila koloidi: Jsc 7.9 mA/cm², Voc 0.58 V, FF 0.56, ufanisi 2.6%
Asilimia 5: Jsc 8.6, Voc 0.57, FF 0.52, ufanisi 2.5%
Asilimia 10: Jsc 9.1, Voc 0.55, FF 0.44, ufanisi 2.2%
Asilimia 20: Jsc 8.0, Voc 0.48, FF 0.36, ufanisi 1.4%

Mchanganyiko wa asilimia 20 ukikaa kama robo saa unageuka kijivu, na tabaka likikauka lina vijitundu. Mkondo unaonyesha plazmoni zinafanya kazi, si ndiyo? Basi FF inaangushwa na nini, na nifanyeje ibaki pale ilipo huku Jsc ikipanda?

---

Bi_Elektroni

Kaka, huo ukijivu ndio jibu la nusu ya swali lako.

AI 4083 ni asidi kali, pH yake ni kama 1.5, kwa sababu ndani mna PSS mara sita ya PEDOT kwa uzito. Koloidi yako kwa upande wake inasimama kwa sababu moja tu: ioni za borohaidraidi zimeizunguka kila chembe, chembe zote zina chaji hasi, zinasukumana. Ukiimwaga kwenye asidi, borohaidraidi inavunjika papo hapo kuwa asidi ya boriki na gesi ya hidrojeni. Chembe zinabaki uchi, zinashikana, zinakuwa mabonge. Rangi ya njano ni ya chembe moja moja. Zikishikana kilele kinatanuka na kuhamia kwenye mwanga mwekundu, na jicho linaona kijivu.

Sasa fikiria bonge la nm 150 ndani ya PEDOT:PSS yenye unene wa nm 40. Linatokeza kama kisiki. Tabaka tendaji lako la nm 100 haliwezi kulifunika, na alumini ikiwekwa juu inagusana nalo. Hiyo ni shoti ndogo. Shoti ndogo nyingi ndizo zinazoangusha FF kwanza, halafu Voc, na ndio mpangilio ulio kwenye jedwali lako.

Vijitundu navyo havitoki mbali. Kila borohaidraidi moja inatoa molekuli nne za hidrojeni. Kwenye koloidi yako, baada ya fedha kuchukua sehemu yake, inabaki kama 1.2 mM ikiwa bado mbichi. Kwa asilimia 20 hiyo ni karibu 1 mM ya hidrojeni ndani ya mchanganyiko, na maji ya joto la chumba yanabeba kama 0.8 mM tu. Ziada inatoka kama mapovu madogo mno, mengine yanatoka wakati sahani inazunguka.

Cha kufanya:

Kwanza, ukimaliza kudondosha nitreti, zima kikorogeo. Wengi wanaendelea kukoroga wakidhani wanasaidia, kumbe wanazigonganisha chembe na koloidi inaanza kuharibika humo humo kwenye chupa.

Pili, wape chembe koti lisilotegemea chaji. PVP (polivinilpirolidoni, polima inayoyeyuka majini) inafaa, maana yenyewe inazuia chembe kukaribiana kwa umbo lake, asidi haiiondoi. Tumia suluhisho la 0.3%, na usimimine kwa mkono mkubwa. PVP ni kizio cha umeme, ikizidi inajipanga kwenye mpaka wa PEDOT na P3HT na FF inaanguka kwa sababu nyingine kabisa.

Tatu, safisha. Sentrifyuji inayofika g 15,000 hadi 20,000 (mara hizo za nguvu ya mvutano wa dunia) kwa saa moja inashusha chembe za nm 12. Mwaga maji ya juu, rudishia maji safi, rudia. Angalia ni g, si mizunguko kwa dakika. Sentrifyuji ndogo ya maabara ya biolojia inaweza kuzunguka kwa kasi ya kutisha na bado isifike.

Kabla hujaharibu kioo cha ITO, fanya jaribio la bei rahisi: punguza PEDOT:PSS kwa maji mara 20, tia koloidi, pima ufyonzaji kuanzia nm 350 hadi 800 mara moja, kisha baada ya saa nzima. Kilele kikibaki pale pale, endelea. Kikitanuka, rudi kwenye koti. Ukitaka kujaribu kwa asidi peke yake tumia ya naitriki iliyopunguzwa sana. Usitumie ya haidrokloriki, utapata kloridi ya fedha na utafiti wako utakuwa mwingine.

---

MzeeWaVakyumu

Bi Elektroni kamaliza upande wa kemia, mimi nauliza swali la hesabu ambalo kijana hajalifanya: kwenye seli yako mna chembe ngapi?

Nitreti mililita 10 za 1 mM ndani ya jumla ya mililita 40 ni fedha 0.25 mM, yaani mikrogramu 27 kwa mililita. Ukitia asilimia 10 inabaki mikrogramu 2.7. AI 4083 ina vitu vikavu kama 1.5%, kwa hiyo kwenye mchanganyiko mna mg 13.5 kwa mililita. Fedha ni 0.02% ya uzito wa tabaka.

Tabaka la nm 40 lina uzito wa mikrogramu 4 hivi kwa sentimita ya mraba. Asilimia 0.02 yake ni nanogramu 0.8. Chembe moja ya fedha yenye kipenyo cha nm 12 ina uzito wa gramu 9.5 × 10⁻¹⁸. Gawanya: chembe milioni 84 kwa sentimita ya mraba. Inasikika nyingi, lakini ni chini ya chembe moja kwa kila mikromita ya mraba.

Kivuli cha chembe hiyo ni nm² 113. Tuipe ukarimu, tuseme plazmoni inaifanya inase mwanga wa eneo mara 10 ya kivuli chake, na hapo ni kwenye kilele chake tu, nm 400. Bado zote kwa pamoja zinagusa chini ya 0.1% ya mwanga unaopita. Wewe umepata ongezeko la mkondo la 15%.

Kwa hiyo hapana, plazmoni hazijafanya kazi hiyo. Haziwezi.

Na hata zingekuwa nyingi, uga wa karibu wa chembe ya nm 12 unafifia ndani ya nm 10 hivi kutoka kwenye uso wake. Chembe iliyozama katikati ya PEDOT:PSS ya nm 40 haifiki kwenye P3HT. Chembe ndogo za namna hiyo hazitawanyi mwanga pia, zinaufyonza na kuugeuza joto. Za kutawanya ni za kuanzia nm 50 kwenda juu, nazo haziingii kwenye tabaka la nm 40 bila kutokeza.

Kilichobadilika ni maji. Umeongeza asilimia 10 ya maji kwenye PEDOT:PSS, ukaacha kasi ile ile. Tabaka limekuwa jembamba, halifyonzi mwanga mwingi kama awali, na mpangilio wa mawimbi ya mwanga kati ya ITO na alumini umehama. Kundi lako la "bila koloidi" halina hayo maji. Unalinganisha embe na fenesi.

Unahitaji makundi manne:

(a) PEDOT:PSS tupu.
(b) PEDOT:PSS na maji safi, ujazo ule ule wa koloidi.
(c) PEDOT:PSS na maji ya juu yaliyotoka kwenye sentrifyuji, yaani kemikali zote bila chembe.
(d) PEDOT:PSS na chembe zilizosafishwa.

Kama (b) inapanda sawa na (d), chembe hazina kazi. Kama (c) inaanguka sawa na sampuli zako za sasa, mabaki ya borohaidraidi na sodiamu ndiyo wahalifu. Na unene wa makundi yote uwe mmoja. Unene unaenda kinyume na kipeuo cha pili cha kasi, kwa hiyo kwa asilimia 10 ya maji anza na mizunguko 3800 badala ya 5000, kwaruza mstari kwenye tabaka, pima kwa profilomita (kifaa cha kupima unene wa tabaka), rekebisha. Usikadirie kwa rangi.

Kama bado unazitaka plazmoni, ongeza msongamano wa koloidi mara 50 kwa sentrifyuji kabla ya kutia. Hapo asilimia 10 inakupa kama chembe 40 kwa mikromita ya mraba, na angalau una kitu cha kupima.

---

Kaboni60

Shikamoo Mzee. Ahsante sana, na wewe dada Bi Elektroni. Hesabu ya chembe sikuwahi kuiona ikifanywa kwenye makala nilizosoma. Wengi wanaandika "asilimia 5 kwa ujazo" na kuishia hapo.

Nimepima mchanganyiko uliopunguzwa kama nilivyoelekezwa. Kilele cha nm 400 kimetanuka na kushuka chini kabisa, kwa hiyo suala la mabonge halina ubishi.

Maswali mawili. Moja, nikiziweka chembe moja kwa moja ndani ya P3HT:PCBM si ndiyo zitakuwa karibu zaidi? Pili, kuna mtu kaniambia niachane na fedha nitumie mirija nano ya kaboni. Mwanga wangu ni taa ya halojeni, nairekebisha kwa seli ya rejea ya silikoni hadi isome 100 mW/cm².

---

FotoniPwani

Hiyo sentensi ya mwisho umeipitisha kama jambo dogo. Siyo.

Taa ya halojeni ina mwanga mwingi mwekundu na wa infraredi, bluu kidogo. Silikoni inaona hadi nm 1100. P3HT inaishia nm 650. Ukiirekebisha kwa silikoni tupu, silikoni inashiba infraredi na kusoma 100 mW/cm² wakati P3HT inapata fotoni chache kuliko zile za AM1.5G (spektra ya kawaida ya mwanga wa jua). Jsc yako inatoka chini kuliko ukweli. Dawa ni seli ya rejea ya silikoni yenye kioo cha KG5 juu yake, ambacho kinakata infraredi na kuifanya silikoni ione karibu na kile inachoona P3HT.

Hilo linaathiri namba zote kwa pamoja, kulinganisha bado kunawezekana. Baya zaidi ni umeme wa ukutani. Mwanga unaoonekana wa taa ya waya moto unabadilika kwa takriban volteji kwa kipeo cha 3.4. Volti 230 zikipanda kuwa 236, mwanga unapanda 9%. Kutoka 7.9 kwenda 8.6 ni asilimia ngapi? Tisa. Nakupa mfano tu, sijui saketi yenu ikoje, lakini kama ulipima "bila koloidi" asubuhi na za koloidi jioni, au kinyume chake, hilo pengo lote linaweza kuwa taa. Lisha taa kwa stabilaiza au pawa saplai ya DC, iache iwake dakika 20 kabla ya kuanza, na upime seli ya rejea kabla na baada ya kila kioo. Changanya mpangilio pia: usimalize kundi (a) lote ndipo uende (b).

Feni nayo. Halojeni inachemsha seli, na seli ikipata joto Voc inashuka.

Halafu maski. Je, unafunika seli kwa bati lenye tundu la eneo linalojulikana, au unatumia eneo la alumini kama lilivyo? Bila maski, mwanga unaoingia pembeni unahesabiwa bure. Kwa seli ya 4 mm² kosa la pembeni si la kupuuza.

Kipimo cha mwisho cha ukweli: kifaa kisichofyonza chochote kupita nm 650, hata kikigeuza kila fotoni kuwa elektroni, hakiwezi kuvuka takriban 14.3 mA/cm² chini ya AM1.5G. P3HT:PCBM iliyotengenezwa vizuri inatoa 8 hadi 10 na kitu. Ukikuta P3HT:PCBM, ya kwako au ya mwingine, imeandikwa 15 au 16, usiitafutie maelezo ya plazmoni. Tafuta maski na taa. Kama mna kifaa cha kupima ufanisi wa kwanta wa nje, EQE, jumlisha mkunjo wake na spektra ya AM1.5G, na jibu lilingane na Jsc ndani ya 5% hivi. EQE pia ndiyo inayotoa hukumu kuhusu plazmoni: ongezeko la kweli la fedha lionekane pale chembe zinapofanya kazi, karibu na nm 400 na kidogo kupita hapo zikiwa ndani ya tabaka. Likipanda sawasawa kuanzia 350 hadi 650, hilo ni la unene au la umeme.

---

Bi_Elektroni

Kuhusu kuziweka ndani ya tabaka tendaji: unaweza, ila jua unachokaribisha.

Koloidi yako ni ya maji, klorobenzini haichanganyiki na maji. Itabidi uzihamishe chembe kwa kuzivisha dodekanithioli au oleilamini, ndipo ziingie kwenye kiyeyusho cha oganiki. Minyororo hiyo ya kaboni ni kizio. Ukiziacha uchi ni mbaya zaidi: eksitoni (jozi ya elektroni na tundu inayozaliwa fotoni ikifyonzwa) ikifika nm chache kutoka kwenye metali inazimwa, nishati inaishia kuwa joto, na elektroni na matundu yanayopita yananaswa juu ya chembe na kuungana tena. Eksitoni ya P3HT inasafiri kama nm 10 tu katika maisha yake yote, kwa hiyo kila chembe uchi ni shimo linalomeza eksitoni zilizo karibu nayo. Wanaofanya kwa uangalifu wanaivisha chembe ganda la silika la nm 3 hadi 5. Ganda linazuia kuzimwa, lakini likinenepa linameza na ule uga wa karibu uliokuwa unautafuta. Nafasi ya kukosea ni nyembamba sana, na kama huna hadubini ya elektroni ya kuhakiki unene wa ganda, usianze.

Mirija ya kaboni: tabaka lako ni nm 100, mirija ya kawaida ina urefu wa mikromita. Mmoja ukisimama wima au kulala mshazari umeunganisha ITO na alumini. Tena sampuli za kawaida za mirija ya ukuta mmoja ni mchanganyiko, takriban theluthi moja ni ya kimetali, nayo ni njia nyingine ya chaji kupotea. Mahali pake panapoeleweka ni kwenye elektrodi inayopitisha mwanga, kuchukua kazi ya ITO. Ndani ya tabaka tendaji mimi sishauri.

Dhahabu nayo nitaitaja kwa sababu utaiulizia. Haiyeyuki kwenye asidi ya namna hii, wakati fedha, hata ikiwa na koti la PVP, inaliwa polepole na asidi na oksijeni kwenye chupa ya PEDOT:PSS iliyokaa. Mbinu ya Turkevich ya mwaka 1951 bado ndiyo rahisi: chemsha mililita 50 za HAuCl₄ (kiwanja cha dhahabu) 1 mM, tia kwa mkupuo mililita 5 za sitreti ya sodiamu 38.8 mM, endelea kuchemsha dakika 10 hadi 15. Unapata nyekundu ya divai, chembe za nm 13 hivi, kilele karibu na nm 520. Vyombo vioshwe kwa asidi ya kifalme (aqua regia) kwanza, la sivyo uchafu wa ukutani unaanzisha chembe zake. Lakini sitreti kwenye pH 1.5 inapokea protoni na kupoteza chaji, kwa hiyo mabonge yale yale yanakungoja, safari hii ya bluu. PVP hapa pia. Na kilele cha nm 520 kiko juu kabisa ya ufyonzaji wa P3HT, maana yake dhahabu inagombania fotoni zile zile na polima yako. Sijui kwa nini watu wanaipenda hivyo.

---

Zinki_na_Wenzake

Mnampeleka kijana mbali. Kama anataka chembe nano zinazolipa, ageuze seli atumie oksidi ya zinki.

Muundo: ITO, ZnO (ndiyo hiyo oksidi ya zinki), P3HT:PCBM, MoO₃ (oksidi ya molibdeni), fedha. PEDOT:PSS inatoka kabisa na asidi yake, ambayo inakula ITO polepole na kunyonya unyevu. Alumini nayo inatoka, na alumini ndiyo inayooza kwanza kwenye hewa ya Pwani. Hii haikupi 10%, mfumo ni ule ule wa 3 hadi 4%, lakini seli inadumu kiasi kwamba unaweza kuipima wiki ijayo ukapata namba inayofanana.

Mapishi: asetati ya zinki yenye maji mawili gramu 1, ethanolamini gramu 0.28, 2-methoksiethanoli mililita 10. Funga chupa, koroga kwa nguvu usiku kucha hewani. Liwe angavu. Likiwa na utusitusi usilitumie. Hiyo 2-methoksiethanoli ina madhara kwa uzazi, fanya ndani ya kabati la kufyonza hewa, wanawake na wanaume. Zungusha mizunguko 4000 kwa sekunde 30, utapata nm 30 hivi. Futa ukingo wa ITO kwa pamba kabla ya kuoka, baada ya kuoka hautafutika. Oka 200°C saa moja hewani. Unyevu hapa si adui, mmenyuko wenyewe unauhitaji.

Juu, MoO₃ nm 10 kwa kasi ndogo, 0.5 Å kwa sekunde au chini yake, kisha fedha nm 100. Vakyumu iwe 10⁻⁶ mbar. Kwa muundo huu tabaka tendaji linene linasaidia: tumia diklorobenzini badala ya klorobenzini, mizunguko 600 hadi 800, funika kwa sahani ya petri likauke polepole mpaka rangi igeuke kutoka chungwa kuwa zambarau, ndipo uoke. P3HT inayokauka polepole inajipanga vizuri zaidi. UCLA walifika karibu 4.4% mwaka 2005 kwa kukausha polepole, bila chembe ya metali hata moja.

Tahadhari moja inayohusu hiyo halojeni yako. ZnO mpya ina oksijeni iliyonata usoni, inayoshika elektroni. Mkunjo wa J-V (mkondo dhidi ya volteji) unatoka na umbo la S, FF inasoma 0.3, mtu anadhani kaharibu kila kitu. Mwanga wa urujuanimno (UV) chini ya nm 380 unaifukuza hiyo oksijeni ndani ya dakika chache na S inanyooka. Halojeni karibu haina urujuanimno huo, kwa hiyo S itabaki. Iweke seli juani dakika 5, au chini ya taa ndogo ya UV, ndipo upime.

---

FotoniPwani

Naunga mkono ZnO. Ila kama ni ufanisi tu unaotakiwa, wote mnajua P3HT:PCBM ilishafika mwisho wake. PM6:Y6 (polima nyingine na molekuli inayopokea elektroni badala ya PCBM) ya mwaka 2019 ilikuwa 15.7%, na "kiongezi" chake kilikuwa 0.5% ya 1-kloronaftalini ndani ya klorofomu, jumla ya mg 16 kwa mililita, uwiano 1:1.2, mizunguko 3000, kuoka 110°C dakika 10. Hakuna chembe nano. Kiongezi kinafanya kazi kwa sababu kinachelewa kukauka na kuzipa molekuli muda wa kujipanga. Klorofomu inakauka upesi mno, pipeti ikichelewa nusu sekunde umepata mistari. Bei ya Y6 nayo, tuiache.

---

Kaboni60

Nimewaelewa wakuu. Taa nahamishia kwenye pawa saplai ya DC, maski nakata. Nitafanya yale makundi manne ya Mzee kwenye muundo wa sasa ili nijue ukweli wa hizi namba, huku naandaa ZnO. Tasnifu yenyewe ni ya viongezi vya nano, ZnO itaingia vizuri.

Sentrifyuji yetu inaishia g 6,000. Je, naweza kusafisha koloidi kwa dayalisisi?

---

MzeeWaVakyumu

Marahaba. Unaweza. Kwa g 6,000 chembe za nm 12 zinashuka polepole, kila usafishaji utakula saa kadhaa.

Chukua mrija wa dayalisisi wa selulosi wa kDa 12 hadi 14 (kilodaltoni; molekuli kubwa kuliko hapo hazipiti), uloweke na kuusuuza kwanza maana unakuja na gliserini. Weka koloidi mililita 20, acha nafasi juu kwa sababu maji yataingia na mrija utavimba. Uning'inize ndani ya lita 2 za maji yaliyoondolewa ioni, kikorogeo polepole, gizani. Badilisha maji kila baada ya saa chache kwa siku nzima. Kikomo hakipimwi kwa saa, kinapimwa kwa mita ya upitishaji umeme: maji ya nje yakikaa saa mbili bila kupanda juu ya usomaji wa maji mapya, sodiamu na borati zimetoka.

PVP utaitia kabla ya dayalisisi, si baada, kwa sababu koloidi ya borohaidraidi ikiondolewa ioni bila koti inaganda ndani ya mrija. Kumbuka PVP ya kDa 40 haipiti kwenye mrija huo, ziada yote inabaki na chembe, kwa hiyo alichosema Bi Elektroni kuhusu kipimo kidogo kinahusika zaidi kwako. Na kwa kundi (c) huna tena maji ya juu ya sentrifyuji: tengeneza borohaidraidi na PVP vile vile bila nitreti ya fedha, ipitishe dayalisisi ile ile, ndiyo itumike.

Kuongeza msongamano, laza mrija uliofungwa juu ya unga wa polietilini glikoli ya kDa 20 ndani ya sahani. Unga unavuta maji. Mililita 20 zitafika 2 ndani ya saa kadhaa, hiyo ni mara 10 tu, si 50, kwa hiyo hesabu yako ianzie chembe 8 kwa mikromita ya mraba. Ukiona ukuta wa mrija umepata rangi ya kahawia isiyosuuzika, umeenda mbali mno, rudisha maji kidogo na upime tena kilele kabla ya kuitia kwenye PEDOT:PSS.